Kura Kumi na Moja za Kuazima

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi cherehani, na kila uchaguzi nilishinda kwa kura zote, yangu ikiwemo. Siku hizi nalitaja jambo hili kwa sauti ya chini. Zamani nililitaja kwa sauti ya juu, na kama aliyekaa karibu nami ana shida ya masikio, nilirudia.

Uchaguzi wetu ulikuwa rahisi kuliko kushona foronya. Kila baada ya miaka miwili tulisogeza cherehani ukutani, mgombea akasimama mbele, na wanaomtaka wakapanga mstari nyuma yake. Mgombea alikuwa mimi. Asiyenitaka alikuwa na uhuru kamili wa kwenda kusimama nyuma ya mgombea mwingine, ambaye hakuwepo. Basi nilisimama nikiwa nimewaelekea, nikawatazama wakija mmoja mmoja, na enzi hizo macho yangu yalikuwa mazuri. Wakishatimia nilijigeuza, nikawapa kisogo, katibu akahesabu. Mara moja fundi mmoja alichelewa chooni. Alipotoka akaona mstari umekamilika, alikimbia mpaka kiatu kikamvuka. Nilicheka sana siku ile. Nilidhani ni mapenzi.

Sasa lazima nieleze habari ya dirisha, maana bila dirisha sina la kusimulia. Jumba letu ni refu na jembamba kama soksi. Upande mmoja ni ukuta wa ghala la watu, upande wa pili kuna dirisha moja kubwa linalotazama ua. Aliyekaa dirishani anauona uzi wake. Aliyekaa katikati anauona akikaza macho. Aliyekaa kule kona ya ndani, karibu na meza ya pasi, anashona kwa imani. Mwenye kupanga nani akae wapi ni mwenyekiti, na mwenyekiti alijipanga dirishani siku ya kwanza, akasahau kujipangua. Watu wakilalamikia giza niliwaambia mwanga upo wa kutosha, ni macho yao. Na wale waliokuwa wakijivuta kuingia mstarini siku ya uchaguzi, sikumwadhibu hata mmoja, Mungu ni shahidi. Ilitokea tu kwamba baadaye nafasi zao zilihitajika kwa kazi nyingine.

Ningekufa mwenyekiti, na kwenye mazishi wangesema mazuri. Aliyeniharibia ni Seremala.

Seremala ni mwenyekiti wa mafundi wa mbao ng'ambo ya ua. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji, na kwa jina hilo anajiruhusu kuniambia lolote. Mwaka ule wenzake walimchagua kwa kura za siri, akamshinda mpwa wake mwenyewe kwa kura mbili. Kura mbili tu, jamani. Lakini ungemwona alivyokatiza ua asubuhi ile, ungedhani ameangusha ng'ombe dume kwa ngumi. Nikamwita dirishani.

"Hongera, shemeji. Nasikia umeponea chupuchupu."

"Nimeponea," akasema, "lakini nimeshindana. Wewe umewahi kumshinda nani?"

"Nimewashinda wote."

"Wote ni wengi. Nitajie mmoja."

Nikarudi kwenye kola niliyokuwa naishona, na jioni nikagundua nimeishona ndani nje.

Neno lile lilinikaa kooni wiki nzima. Na mtu akiwa na neno kooni, kila anachosikia kinamgusa yeye. Redioni wakaja wataalamu wanajadili mambo ya uchaguzi, mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akasema kwamba kiti kisichogombewa kinamlemaza hata yule anayekikalia, na kwamba mpiga kura asiye na wa kumlinganisha hapigi kura, anaitikia tu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe nilikaa karibu na mlango. Lakini hapo nilielewa. Sikuelewa kwamba nimelemaa, hapana. Nilielewa kwamba wanaoitikia hawawezi kunipa ushindi wa kumtambia Seremala. Nilitaka kushinda vizuri. Nilitaka kuwe na mtu chini, na mimi juu yake.

Basi kwenye mkutano wa mwezi nikasimama, nikatangaza mageuzi. Nikasema kuanzia sasa kura ni ya siri. Nikasema wagombea ni lazima wawe wawili au zaidi, la sivyo uchaguzi haupo. Nikasema kila mgombea atapewa nafasi ya kujieleza, na wanachama wamsikilize bila kupiga miayo. Katibu wetu, kijana anayeshona suti, aliweka kalamu chini akaniuliza kwa upole kama nina homa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi. Wakapiga makofi marefu, marefu kuliko yoyote niliyowahi kupigiwa, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nikiyapokea. Leo najua kwamba yale makofi hayakuwa yangu.

Tukayapitisha mageuzi hayo palepale kwa kura. Kura yenyewe tuliipiga kwa njia tuliyoizoea: wote walikuja kusimama nyuma yangu.

Karatasi ya kujiandikisha wagombea ikabandikwa mlangoni. Siku ya kwanza likawepo jina moja, langu, kwa mwandiko mkubwa. Siku ya pili, moja. Siku ya tano nikaanza kupita pale mlangoni kwa visingizio, mara naenda kuchota maji, mara naangalia mvua, na ilikuwa kiangazi. Mwanzoni nilifurahi kwamba hakuna anayethubutu. Kisha nikakumbuka sheria yangu mwenyewe: bila mpinzani hakuna uchaguzi, na bila uchaguzi hakuna mwenyekiti. Mchimba kisima nilikuwa nimeshaanza kuteleza.

Ikabidi nimtafute wa kunipinga. Ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu hafai yeyote tu. Katibu anajua kusema. Fundi wa magauni ya harusi ana marafiki, na tena ana meno mazuri. Wifi yangu, dada wa marehemu, anashona nguo za watoto meza ya tatu kutoka kwangu, naye ana kasoro kubwa: ananijua. Nikawapitia wote kichwani kama mtu anayechagua kitambaa chenye doa kwa makusudi, nikafika mpaka kona ya meza ya pasi, nikamkuta Mama Vifungo.

Mama Vifungo tulimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ni vifungo na matundu yake. Nguo ikimalizika kwetu sote inapelekwa kwake konani. Miaka tisa alikuwa amekaa pale, na katika miaka tisa nadhani nilimsikia akisema maneno arobaini, nusu yake yakiwa "ndiyo, Mama". Nikasema huyu ndiye. Huyu hata akishinda hatajua.

Nilimfuata kule kwake nikiwa nimevaa tabasamu. Nikamweleza. Alinisikiliza sindano ikiwa hewani.

"Nikushinde, Mama?" akauliza.

"Hapana, mwanangu. Ushindane nami. Hivyo ni vitu viwili."

"Nitasema nini mbele ya watu?"

"Sema jambo moja unalotaka libadilike. Ukikosa la kusema utaniaibisha."

"Jambo lolote?"

"Lolote."

Akafikiri. "Hata la dirisha?"

"La dirisha, la paa, la mlango, hata la paka," nikasema. "Mradi uwe mfupi, maana mimi nina mengi."

Akaandika jina lake mlangoni siku hiyohiyo, chini ya langu, kwa herufi ndogo kama mishono yake.

Mnaweza kudhani hapo nilitulia. Hapana. Sasa nikaanza kuogopa kwamba hatapata kura hata moja. Tulikuwa wanachama thelathini na saba. Nikishinda kwa thelathini na sita dhidi ya moja, Seremala atasema nimepigana na mtoto mchanga. Nikakaa na chaki juu ya kipande cha kitambaa, nikapanga matokeo. Ishirini na tano kwa kumi na mbili niliyaona yana sura nzuri: mpinzani ameonekana, na mimi nimeonekana zaidi. Kura moja ataipata kutoka kwake mwenyewe. Zilibaki kumi na moja za kumwazima.

Nikazunguka. Nilichagua watu kumi na mmoja ninaowaamini kuliko wote, wale ambao kila uchaguzi walikuwa mbele kabisa mstarini, nikamwendea kila mmoja kwa wakati wake. Nikamnong'oneza kwamba kura yake safari hii ampe Mama Vifungo, kwa huruma tu, asije akalia. Mmoja alishika kifua. Mwingine aliniuliza kama ninamjaribu. Wote waliahidi. Wifi yangu alikuwa wa mwisho. Hakushika kifua wala hakuniuliza kitu, alisema "Nimekusikia, wifi," akaendelea kukanyaga cherehani.

Uchaguzi ukawa Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa wengine wetu kusoma kunatupiga chenga, tulipiga kura kwa vifungo. Kila mwanachama alipewa viwili: cheusi cha koti, ambacho ni mimi, na cheupe cha shati, ambacho ni Mama Vifungo. Cheusi nilikichagua mwenyewe, kina heshima. Unaingia peke yako kwenye kichumba cha kupimia nguo, unavuta pazia, unakitia kifungo cha umtakaye kwenye kopo lililotobolewa kifuniko, na kile kilichobaki unakiacha kwenye mfuko wa kitambaa uliotundikwa pembeni. Msimamizi alikuwa Seremala. Nilimwomba mwenyewe. Nilitaka ashuhudie.

Kwanza tulijieleza. Nilianza mimi, na nilianza na paa, jinsi lilivyokuwa likivuja mwaka niliochaguliwa. Kutoka kwenye paa nikaenda kwenye mlango, kutoka mlangoni kwenye cherehani saba nilizozipigania, nikapita kwenye safari yangu ya makao makuu ya wilaya, ambako nilisubiri siku mbili kwenye benchi. Benchi lile nililieleza vizuri. Nilipofika mwaka wa kumi na nne niliona watu wawili wanatunga sindano. Nikaongeza sauti.

Kisha akasimama Mama Vifungo. Alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Mimi mkinichagua," akasema, "dirishani tutakaa kwa zamu. Kila mtu wiki yake."

Akakaa.

Nikasikia mtu ng'ambo ya ua anapiga randa. Nilimwonea huruma. Maskini, nikasema moyoni, ndiyo hayo tu? Nikawa wa kwanza kumpigia makofi, nikawageukia wenzangu nikiwahimiza nao wapige, na walipopiga nilijiona mama mwenye roho kubwa.

Roho hiyo kubwa niliingia nayo kwenye kichumba. Mle ndani kuna kioo kirefu. Nilijiona nimesimama na vifungo viwili kiganjani, mtu mzima, nimenyoosha kitambaa changu cha kichwa, nikajiambia kwamba mtu wa aina hii hajipigii kura. Mshindi wa kweli anampa mwenzake. Nikakitia cheupe kwenye kopo. Nikatabasamu kwenye kioo, kioo nacho kikatabasamu, na kati yetu hakuna aliyeshtuka.

Wote walipomaliza, Seremala alilimimina kopo juu ya meza ya kukatia, mbele ya kila mtu. Meza ikawa nyeupe.

Nikamgusa kiwiko nikamwambia taratibu, ili asione haya, kwamba amekosea. Vile ni vilivyobaki. Kura ziko kwenye ule mfuko.

"Kura ni hizi, shemeji."

Nikasema aumimine na mfuko. Akaumimina. Mfuko ukatoa vifungo vyeusi, vingi, vinang'aa, vifungo vya koti vyenye heshima zao. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akavisogeza viwili viwili. Kwenye kopo, vyeupe ishirini na sita. Vyeusi kumi na moja. Alihesabu tena bila kuambiwa, na lazima niseme ukweli, hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilimpa Mama Vifungo mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama mkasi. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake kwa dakika moja, na mwenyewe kaondoka.

Usiniulize nililalaje. Lakini asubuhi niliamka na hesabu. Mbona jambo lilikuwa wazi? Sikushindwa, nilijishinda. Kura kumi na moja nilimwazima, ya kumi na mbili ni yangu mwenyewe. Zirudishe zote kwangu: mimi ishirini na tatu, yeye kumi na nne. Nguruwe nimekaangwa kwa mafuta yangu, sawa, lakini mafuta ni yangu. Kilichobaki ni kuwapitia wale kumi na mmoja, kila mmoja akiri kwamba alinitii, halafu niende kwa Seremala na hesabu mkononi. Kiti nisingekipata tena, sheria niliitunga mwenyewe, ila jina ningelirudisha.

Nilianza na mtia rangi vitambaa, mwanamke mnyofu asiyeweza kudanganya hata uzito wake. Nikamwambia asante kwa kunitii. Akaanza kulia. Akasema nimsamehe, alipofika mle ndani mkono ulikataa, kura yake alinipa mimi.

Nikamwambia si kitu. Nikaenda kwa wa pili, anayeshona mapazia. Naye akaomba radhi. Hakuweza kuniacha, mimi niliyemfundisha kazi. Wa tatu aliapa kwa watoto wake. Wa nne aliapa kwa watoto wa mwenzake. Wote walinipenda, wote walinikaidi, na kila mmoja alivyozidi kunipenda ndivyo hesabu yangu ilivyozidi kuoza. Kufikia wa nane nilikuwa nambembeleza. Nilimwambia, mama, fikiri vizuri, huenda ulimpa yeye ukasahau. Akanishika mabega akasema kamwe, hata kwa mtutu. Nilimwacha hapo nikamwendea wa tisa, na wa kumi, nikiomba Mungu anipe msaliti mmoja tu.

Msaliti alikuwa wifi. Nilimkuta nyumbani kwake anachambua mbaazi, au choroko, sikuangalia.

"Mimi nilimpa yeye," akasema.

Nilitaka kumbusu. "Kwa sababu nilikuomba."

"Uliniomba? Hata sikukumbuka. Nilimpa aliposema la dirisha." Akapuliza makapi. "Miaka ishirini na miwili nasimama nyuma yako natazama kisogo. Nakijua kila unywele wake, wifi. Nilitaka siku moja nikutazame usoni uniulize ninataka nini."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliwahi, mara ya kwanza mwaka wa pili wa uongozi wangu, na nikamjibu kwamba mwanga upo wa kutosha, ni macho yake. Niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo kama wale kumi walisema kweli, walionipigia ni wao tu, tena ni wale niliowaomba wasinipigie. Wengine wote, ambao sikuwaomba kitu kwa sababu nilijua ni wangu, hawakuwa wangu. Na kama walinidanganya, basi ni mabaya zaidi, na sitajua mpaka naingia kaburini. Ndiyo kura ya siri hiyo. Nilisema ni nzuri, na ni nzuri.

Kumi, lakini kopo lilisema kumi na moja. Huyo mmoja alinikosesha usingizi kuliko wote ishirini na sita. Nilimjua Jumatatu. Nilikuwa nahamisha cherehani yangu kutoka dirishani, na Mama Vifungo akaja kushika upande wa pili, kwa sababu ni nzito na yeye ndivyo alivyo.

"Mama," akasema tulipofika katikati ya jumba, "usinichukie. Mimi kura yangu nilikupa wewe. Uliniambia nishindane. Hukuniambia nishinde."

Tukaiweka cherehani chini kidogo tupumzike. Nilimwambia kwamba na mimi nilimpa yeye. Alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikaona hakuna namna, nikacheka pia, tumesimama pale na cherehani katikati ya njia, mafundi wanatupita pembeni na vitambaa vyao. Tukambebesha katibu ile cherehani.

Zamu za dirisha zilipangwa kwa kuvuta karatasi kwenye kopo lilelile. Wifi alipata wiki ya pili. Mimi nilipata wiki ya thelathini na moja. Nafasi iliyokuwa wazi ni ile ya kona, aliyoiacha Mama Vifungo, karibu na meza ya pasi, kwa hiyo nikahamia huko, na siku ya kwanza nilitunga sindano mara kumi na tisa kabla ya saa nne. Mara kumi na nane nilitunga hewa. Alasiri nilishona mfuko wa suruali, nikaufunga juu na chini. Jirani yangu mpya, anayepiga pasi, aliutazama, akaniambia kwa adabu zote kwamba mwanga upo wa kutosha, Mama. Jibu nilimwekea la mkutanoni.

Mkutano wa mwezi uliofuata nilikaa kwenye benchi na watu. Nilikuwa sijui kwamba kwenye benchi lile ukikaa mwisho unaanguka mwenzako akisimama. Mama Vifungo aliuliza kama kuna mwenye hoja. Nikanyoosha mkono. Ukakaa juu muda mrefu, kwa sababu kulikuwa na mikono mingine mbele ya wangu, jambo ambalo pia lilikuwa geni.

Nikasema naomba taa iwekwe konani. Taa moja, ya kuning'inia. Nikakaa.

Fundi wa magauni ya harusi akasimama. "Mimi sikubaliani na Bibi."

Sijui nikuelezeeje. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeniambia maneno hayo katika jumba lile. Akaendelea kusema, na alisema vizuri, kwamba taa ya konani itawafaa watu watatu, lakini tukitoa bati moja katikati ya paa tukaweka bati linalopitisha mwanga, litawafaa kumi na tano. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wifi naye akaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona hoja yake ina akili kuliko yangu, na hapohapo nikataka kumshinda kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Safari hii sikueleza benchi. Nikasema anayetaka bati aje konani kwangu, atunge sindano, nitahesabu mpaka thelathini. Wakacheka, wakaja. Katibu alishindwa. Mshonaji wa mapazia alijichoma. Fundi wa harusi mwenyewe alitunga nikiwa nimefika kumi na mbili, binti ana mikono, lakini alipotoka alikuwa anafikicha macho. Niliwauliza waliokaa katikati wanaonaje kazi zao ikifika saa kumi. Waliniambia. Yalikuwa mengi, na mengine yalinihusu. Nikawaambia bati nitalipigania pamoja nao, ila mvua zikishapita, kwa sababu paa likifunguliwa mvua ikiwa karibu tutashona tukiwa na miavuli. Taa inaweza kuwekwa kesho. Baadhi walinikatiza. Niliwaacha wanikatize.

Vifungo vikagawiwa. Nikamwachia mwenzangu achague rangi, akachukua vyeusi. Nilipoingia kichumbani sikujitazama kwenye kioo. Nilijipigia kura, nikatoka.

Mama Vifungo alimimina kopo mezani, akavipanga kwa vidole vyake vya matundu, kimoja kimoja, kwa utaratibu unaoweza kumuua mtu wa umri wangu. Vikafika kumi na tano kwa kumi na tano. Kumi na saba kwa kumi na saba. Fundi wa harusi alikuwa amenishika mkono bila kujua, au mimi ndiye niliyemshika yeye.

"Bati, kumi na nane," Mama Vifungo akasema. "Taa, kumi na tisa."

Nikanyoosha mkono. Akaniuliza kama nina malalamiko juu ya hesabu. Nikamwambia hapana, sina hata chembe ya wasiwasi, ila naomba azihesabu tena, na safari hii asome kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua.